Paul Ehrlich: Kijana wa vidole vya rangi aliyeipa jina seli iliyonivimbisha

Siku nyuki waliponiuma kwa shamba la mjomba, khocha kama tunavyosema kwa Kibukusu, nilidhani ni mambo ya kawaida. Shamba lenyewe liko upande wa juu wa Kimilili, ukielekea Mlima Elgon, na sisi watu wa huku tumekua na nyuki. Unaumwa, unatoa mwiba, unapaka mate, unaendelea na kazi. Nilishaumwa mara mingi nikiwa mtoto na sikuwahi kufa.

Lakini siku hiyo ilikuwa tofauti. Ni nyuki watatu tu. Kabla dakika kumi ziishe viganja vilikuwa vinawasha kama nimeshika upupu, midomo imefura, na kifua kimebana ni kama mtu amenikalia. Watu wakajaa. Mmoja akasema nipewe maziwa, mwingine akasema nipakwe kitunguu, na kuna mama mmoja alitaka kujua kwanza nimekosana na nani. Khocha hakungoja mjadala uishe. Alinibeba kwa boda, mimi katikati, yeye nyuma akinishikilia, mpaka zahanati ya karibu. Nesi aliangalia uso wangu mara moja tu, akanidunga sindano ya adrenalini kwa paja. Baada ya muda mfupi hewa ikaanza kuingia tena.

Usiku huo usingizi uligoma, nikakaa na simu nikitafuta ni kitu gani ndani ya mwili wangu kilitaka kunimaliza. Jibu likaja: ni seli zangu mwenyewe. Zinaitwa seli za masti. Na aliyezipa jina hilo, mwaka wa 1878, alikuwa kijana wa miaka 24 aliyejulikana zaidi kwa kuchafua meza na rangi kuliko kwa kupita mitihani. Kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, hapo ndo nilivutiwa kabisa. Leo wacha niwape story ya huyo jamaa, Paul Ehrlich.

Mtoto wa mwenye baa

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo unaoitwa Strehlen, wakati huo ukiwa sehemu ya Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi. Babake, Ismar, alikuwa na nyumba ya wageni, alitengeneza pombe kali na pia alisimamia bahati nasibu ya mtaa. Yaani ukitafsiri kwa lugha ya huku, mtoi wa mwenye baa na kibanda cha kubahatisha. Mamake aliitwa Rosa Weigert, na upande huo wa mama ndio uliomfungulia njia.

Rosa alikuwa na mpwa, Karl Weigert, daktari aliyemzidi Paul kwa miaka kama tisa. Weigert alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kutumia rangi mpya za viwandani kuona vitu vidogo kwa hadubini. Enzi hizo Ujerumani ilikuwa imepagawa na rangi. Wanakemia walikuwa wamegundua kwamba kutoka kwa lami ya makaa ya mawe unaweza kutoa zambarau, buluu, nyekundu, kila aina. Viwanda vilitajirika kwa kupaka nguo rangi. Weigert aliona kwamba rangi hizo hizo zinaweza kupaka nyama ya mwili, na Paul akiwa bado kijana akaona maajabu hayo kupitia kwa binamu yake. Hakupona tena.

Shuleni, huko Breslau, alikuwa mzuri kwa hesabu na Kilatini. Lakini insha zilimtesa. Inasimuliwa kwamba katika mtihani wa mwisho walipewa mada kuhusu maisha kuwa ndoto. Wenzake wakaandika mashairi matupu. Yeye akaandika kwamba maisha ni kuungua kwa kemikali mwilini, na ndoto ni kazi ya ubongo, ubongo unawaka kidogo kama fosforasi. Mwalimu hakufurahi. Alama zikawa za aibu. Wasee wangu mliowahi kuandika jibu sahihi kwa swali ambalo mwalimu hakuuliza, mnajua hiyo feelingi.

Meza yenye madoa

Chuo alizunguka sana: Breslau, Strasbourg, Freiburg, na mwishowe Leipzig. Huko Strasbourg profesa wa anatomia, Wilhelm Waldeyer, aliona kwamba kijana huyu anakaa maabara masaa mingi kuliko wenzake, na meza yake imejaa madoa ya kila rangi. Profesa angeweza kumfukuza. Badala yake alimwacha acheze. Nafikiria mara kwa mara ni vijana wangapi wangefika mbali kama tu kungekuwa na mwalimu mmoja wa kuwaacha wachafue meza.

Kuna hadithi nyingine inayosimuliwa sana. Robert Koch, daktari ambaye baadaye angekuwa jina kubwa duniani, alitembelea Breslau na kuonyeshwa maabara. Walipofika kwa meza ya Ehrlich, mwenyeji wake akamweleza kwamba huyu mdogo ni moto kwa mambo ya rangi ila mitihani hatawahi kupita. Iwe ilitokea hivyo au iliongezwa chumvi, ukweli ni kwamba Ehrlich alisomea mambo yake kwanza, na silabasi ikafuata baadaye.

Swali lililomkula lilikuwa rahisi hivi. Ukimwaga rangi moja juu ya kipande cha nyama ya mwili, mbona sehemu fulani zinashika rangi na zingine zinakataa? Nguo ya pamba na nguo ya sufu hazishiki rangi sawa, kila fundi wa nguo anajua. Ehrlich akasema basi hata ndani ya mwili lazima kuna sehemu zinazopendana na kemikali fulani na kukataa zingine. Rangi haipaki tu ovyo. Inachagua. Wazo hilo moja ndilo alilolibeba mpaka kaburini.

Seli iliyonona

Mwaka wa 1877, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha maelezo ya seli fulani za ajabu alizoziona akitumia rangi za anilini. Mwaka uliofuata, 1878, akaziweka katika tasnifu yake ya udaktari huko Leipzig na kuzipa jina rasmi.

Seli hizi zilikuwa zimekaa ndani ya tishu, hasa karibu na mishipa ya damu. Ndani yake zilijaa chembechembe nyingi sana, ni kama gunia lililofungwa likiwa limefurika mahindi. Na chembechembe hizo zilikuwa na kiburi. Zilipopakwa rangi ya buluu au zambarau, zilibadilisha ile rangi yenyewe, zikatokea na mwonekano wa zambarau yenye wekundu, tofauti na kila kitu kilichozizunguka.

Ehrlich akajiuliza, hii seli imejaza nini hivyo? Alizikuta kwa wingi mahali ambapo tishu inapata lishe nyingi, kama mahali palipovimba. Akakata kauli kwamba lazima ni seli zilizolishwa zikashiba. Kwa Kijerumani neno Mast linahusu kunenepesha mifugo. Basi akaziita Mastzellen, yaani seli zilizononeshwa. Ni kama vile khocha anavyofungia ng'ombe dume na kumlisha akingojea Desemba.

Manze, alikosea. Zile chembechembe hazikuwa chakula. Lakini jina lilibaki, na mpaka leo madaktari duniani kote wanatumia jina lililotokana na makosa ya kijana wa miaka 24. Kile ambacho hakukosea ni kuona. Kabla yake seli hizo zilikuwa zimechanganywa na zingine. Yeye alizitenga kwa kutumia rangi, akaonyesha zinakaa wapi na zinafanana vipi. Wengine wangekuja baadaye kujua kazi yake.

Jiko, makohozi na safari ya Misri

Mwaka huo huo wa 1878 alipata kazi hospitali kubwa ya Charité, Berlin. Huko akageukia damu. Kwa kutumia rangi tofauti tofauti aligawanya seli nyeupe katika makundi ambayo hadi sai fundi wa maabara hapa Bungoma anayahesabu akipima damu yako: zile zinazopenda rangi ya asidi, zile zinazopenda rangi ya besi, na zile za katikati.

Tarehe 24 Machi 1882, Koch alisimama mbele ya wanasayansi Berlin na kutangaza kwamba amepata kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ehrlich alikuwa kwa kikao. Alitoka hapo moja kwa moja kwenda kutafuta njia bora ya kukipaka rangi kijidudu hicho, kwa sababu ile ya Koch ilikuwa ngumu. Inasimuliwa kwamba aliacha vioo vyake vikauke juu ya jiko baridi usiku, asubuhi mtu akaliwasha bila kujua. Badala ya kuharibika, joto lilifanya rangi ishike vizuri zaidi. Kutokana na kazi ya Ehrlich, wengine waliboresha mbinu inayotumika mpaka leo kupima makohozi. Kama umewahi kupewa kikopo kidogo uteme makohozi hospitalini, kuna deni lako kidogo kwa huyu jamaa.

Mwaka wa 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, wakapata mabinti wawili, Stephanie na Marianne. Mambo yalionekana poa. Kisha kama mwaka wa 1888 akaanza kukohoa. Akapima makohozi yake mwenyewe, kwa njia aliyoibuni yeye mwenyewe, na akakiona kijidudu kwenye kioo. Hebu fikiria hapo. Unatengeneza taa, halafu kitu cha kwanza kikubwa inachokuonyesha ni kifo chako.

Dawa ya kifua kikuu haikuwepo. Alichukua mkewe wakaenda Misri, kwa joto na hewa kavu, akakaa huko mpaka 1889. Ndiyo, Ehrlich aliponea Afrika. Aliporudi Berlin hakuwa na kazi. Akafungua maabara ndogo ya kibinafsi na kuendelea na hustle yake, bila cheo.

Mbarika, panya na kufuli

Hapa ndo story inarudi karibu na nyumbani. Mnajua mbarika, ule mti wenye mbegu za madoadoa unaoota wenyewe kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Mbegu zake zina sumu kali inayoitwa risini. Ehrlich aliwapa panya risini kidogo kidogo, akiongeza dozi taratibu. Baada ya muda, panya hao waliweza kuvumilia kiasi ambacho kingeua panya wa kawaida bila shida. Tena aligundua kwamba panya mama aliyezoea sumu huwapitishia watoto kinga, hata kupitia maziwa. Kumbe titi la mama si chakula tu, ni pia ulinzi.

Mwaka wa 1891 Koch alimchukua kwa taasisi yake mpya. Hapo alifanya kazi na Emil von Behring kuhusu dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukikaba watoto koo mpaka wanakufa. Behring alikuwa amepata dawa kutoka kwa damu ya wanyama waliopewa kinga, lakini chupa moja ilikuwa na nguvu na nyingine ilikuwa maji tu. Ehrlich ndiye aliyepata njia ya kupima nguvu ya dawa hiyo ili kila chupa iaminike. Behring alipata pesa na sifa, na mwaka wa 1901 akachukua Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba. Ehrlich alihisi amechezwa, na urafiki wao ukapoa. Ndio hiyo. Hata kwa sayansi kuna kuchezwa.

Mwaka wa 1896 alipewa taasisi yake mwenyewe nje kidogo ya Berlin, na 1899 ikahamia Frankfurt. Hapo ndipo wazo lake la zamani la rangi liligeuka kuwa maelezo ya kinga yote ya mwili. Alisema juu ya seli kuna vishikio, kama kufuli. Sumu inaingia kwa kufuli inayolingana nayo. Seli ikishikwa, inatengeneza vishikio vingi mpaka vingine vinamwagika kwa damu, na hivyo ndivyo vinavyokamata sumu kabla haijafika. Leo tunaviita kingamwili. Maelezo yake hayakuwa sahihi yote, ila kiini chake, kwamba kinga inafanya kazi kwa kulingana kwa umbo kama ufunguo na kufuli, kimesimama.

Aliuliza pia swali gumu zaidi. Kama mwili una silaha kali hivi, mbona haujipigi wenyewe? Aliamini mwili unaogopa kujishambulia na una njia za kujizuia. Sasa tunajua kwamba wakati mwingine hizo njia zinafeli. Mimi nilijua hivyo nikiwa katikati ya boda.

Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa seli zinazomeza vijidudu. Wawili hao walikuwa kambi tofauti: mmoja alisema kinga iko kwa maji ya damu, mwingine akasema iko kwa seli. Wote walikuwa na haki nusu.

Namba 606

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliwamaliza zaidi ya watu 200,000 Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Koch alikuja mwenyewe mwaka wa 1906 na kuweka kambi Visiwa vya Sese. Alitumia dawa ya arseniki iliyoitwa atoksili. Wagonjwa walipata nafuu, lakini wengine wakapofuka. Waafrika walilipa bei ya dawa ambayo ilikuwa bado haijakamilika, na hilo lisisahaulike tukisifia mashujaa wa maabara.

Kule Frankfurt, Ehrlich alikuwa tayari anashughulika na vijidudu vya malale na dawa hiyo hiyo. Mjane wa mwenye benki, Franziska Speyer, alimjengea taasisi mpya mwaka wa 1906. Wazo lilikuwa lile lile la meza ya rangi: kama rangi inaweza kuchagua seli moja na kuacha nyingine, basi kunaweza kuwa na sumu inayochagua kijidudu na kumwacha mgonjwa. Aliifananisha na risasi ya kichawi, ile inayompata adui peke yake.

Wanakemia wake, akiwemo Alfred Bertheim, walitengeneza mamia ya dawa, wakibadilisha kidogo hapa, kidogo pale. Kila moja ilipewa namba. Namba 606 ilijaribiwa ikawekwa kando. Mwaka wa 1909 akaja Mjapani, Sahachiro Hata, aliyekuwa anajua kuambukiza sungura kaswende. Ehrlich akamwambia apime zote upya. Hata alipofika 606, vidonda vya sungura vikapona. Kitu kilikuwa kimekaa kwa rafu muda wote huo kikingoja mtu mwenye subira.

Mwaka wa 1910 dawa hiyo ikatoka kwa jina la Salvarsan. Kaswende wakati huo ilikuwa kama laana, inakula mifupa, inapofusha, inaingia ubongo, na watu walitibiwa kwa zebaki. Foleni zilijaa Frankfurt. Dawa za jamii hiyo zilifika hata huku kwetu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilidunga watu wengi Kenya sindano za arseniki, na baadaye bismuthi, kutibu buba, ugonjwa wa vidonda unaoletwa na ndugu wa karibu wa kijidudu cha kaswende. Vidonda vilikauka haraka, na wazee wengi walianza kuamini sindano kuanzia hapo.

Lakini Salvarsan ilikuwa ngumu kutumia. Iliharibika ikikutana na hewa, na ikidungwa vibaya ilidhuru. Wagonjwa wengine waliumia, wengine walikufa. Ehrlich alitoa dawa rahisi zaidi mwaka wa 1912, lakini kelele hazikuisha. Mwandishi mmoja wa Frankfurt, Karl Wassmann, alidai makahaba wa mji huo walilazimishwa kupewa dawa hiyo hospitalini. Kesi ilienda kortini mwaka wa 1914, Ehrlich akatoa ushahidi, na Wassmann akafungwa. Korti iliamua, ila Ehrlich alitoka hapo amechoka.

Mwisho wa mvuta sigara

Mwili wake ulikuwa umeshakula chumvi. Alivuta sigara kubwa kama 25 kwa siku, na kutembea na boksi lake kwapani. Alikula kidogo. Aliandikia wafanyakazi wake maagizo kwa vikadi vya rangi kila asubuhi, na usiku alipumzika na vitabu vya upelelezi vya Sherlock Holmes.

Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, aliweka sahihi yake kwenye tamko la wasomi 93 wa Kijerumani waliotetea jeshi lao. Si kila kitu alichofanya ni cha kupigiwa makofi. Krismasi ya mwaka huo alipata kiharusi kidogo, na tarehe 20 Agosti 1915 moyo ukasimama huko Bad Homburg. Alikuwa na miaka 61. Alizikwa makaburi ya Wayahudi, Frankfurt.

Miaka ya 1930, serikali ya Hitler ilifuta jina lake kwenye barabara iliyokuwa imepewa jina hilo, kwa sababu tu alikuwa Myahudi. Mkewe Hedwig alilazimika kukimbia nchi. Ujerumani ileile ambayo watoto wake walikuwa wamepona dondakoo kwa chupa alizozipima. Baada ya vita barabara ilirudishiwa jina, na baadaye uso wake ukawekwa kwenye noti ya maki 200.

Gunia lilikuwa na nini

Ehrlich alikufa bila kujua kazi ya seli zake za 1878. Mwaka wa 1902, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wameona mbwa akifa kwa dozi ndogo ya sumu ambayo mara ya kwanza alikuwa ameivumilia. Wakaita jambo hilo anafilaksia. Lakini hakuna aliyeliunganisha na seli zile zilizononeshwa.

Mwaka wa 1953 ndipo watafiti James Riley na Geoffrey West, kule Scotland, walionyesha kwamba lile gunia limejaa histamini. Hiyo ndiyo kemikali inayofungua kuta za mishipa midogo ya damu ili maji yavuje, ngozi iwashe na kufura, na njia ya hewa ibane. Miaka ya 1960 ikapatikana kingamwili ya aina ya IgE, ambayo hukaa juu ya seli za masti kama waya wa kengele. Nyuki wa utotoni walinifungia waya huo bila mimi kujua. Nyuki wa juzi wakaukanyaga. Magunia yote yakapasuka kwa pamoja.

Basi mbona tuko nazo? Hapo ndipo nilibadilisha mawazo. Seli za masti zinakaa mahali mwili unapopakana na nje: ngozi, mapafu, utumbo. Ni kama walinzi wa lango la soko. Kijidudu kikiingia, wao ndio wa kwanza kupiga firimbi, na seli zingine zinakuja mbio. Mwaka wa 1996 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na seli hizi hufa kwa wingi wakipata maambukizi ya tumbo. Zinasaidia kufukuza minyoo. Utafiti mwingine wa panya umeonyesha zinaweza kumeng'enya sumu ya nyoka na nyuki, na kwamba IgE yenyewe inaweza kumkinga panya asife na sumu ya nyuki. Tena hazipigi kelele tu. Wakati mwingine zinatoa ujumbe wa kutuliza vita, wenzake wapunguze moto. Kwa hivyo mlinzi huyu si adui. Shida yangu ni kwamba wangu alipiga firimbi ya moto wa soko zima kwa sababu ya nyuki watatu.

Na dawa iliyoniokoa, adrenalini, inafanya kinyume cha histamini: inabana mishipa iliyolegea, inafungua njia ya hewa, inasukuma moyo. Vidonge vya aleji vinapunguza muwasho lakini haviwezi kufanya kazi hiyo kwa haraka. Maziwa hayawezi. Kitunguu hakiwezi.

Kwa hivyo msee, ukiona mtu ameumwa na nyuki, au amekula njugu, au amemeza dawa fulani, halafu midomo inafura, sauti inakwama, pumzi inafupika au anazimia, usiulize amekosana na nani. Mlaze, mtafutie gari au boda, na mfikishe mahali kuna adrenalini. Kila dakika ina bei. Mama yule wa shambani hakuwa mbaya, hakujua tu. Hata mimi nilikuwa sijui, na ni mwili wangu mwenyewe.

Khocha bado ana mizinga yake. Juzi alinitumia lita mbili za asali kupitia kwa makanga wa matatu ya Kitale. Nilikula, na sikufura. Mizinga nayo nitaendelea kuiangalia kutoka mbali.